Dharau kwa Nyumba za Saruji

Miongoni mwa maneno yasemwayo kwa wepesi na watu wanaojihesabu kuwa na jicho la sanaa, mepesi zaidi ni yale yanayoelekezwa kwa majumba ya ghorofa yaliyojengwa katika Umoja wa Kisovieti baina ya miaka ya 1950 na 1980. Huitwa masanduku. Huitwa viberiti, makaburi ya wima, jela za saruji. Husemwa kuwa hayana uso, na kwamba anayekaa humo naye hatimaye hupoteza wake. Shutuma hizi zimekaririwa hata zimekuwa kama hukumu iliyokwishasomwa, na hapana tena anayeuliza ushahidi uko wapi. Baadaye likazuka kundi jingine, la wapiga picha wa Ulaya Magharibi na Marekani, ambao huyaendea majumba hayohayo kwa kuyastaajabia ukubwa, ukavu na ukijivu wake, kisha wakatoa vitabu vya picha ambamo aghalabu hamna binadamu hata mmoja. Kundi la kwanza hudharau, la pili hustaajabu. Yote mawili yamesimama upande wa pili wa barabara, yakitazama ukuta.

Watu wa pwani, kuliko wengine, wangepaswa kujua kuwa nyumba haihukumiwi kwa ukuta wake wa nje. Nyumba kongwe za mawe za Lamu, kwa upande wa njiani, ni ukuta mtupu. Zidaka na nakshi za chokaa zimo ndani, mgeni wa njiani hazioni. Iwapo mpita njia angeandika juu ya nyumba hizo kwa alichokiona uchochoroni, wenyewe wangemcheka. Kwa nini basi apewe masikio anayefanya vivyo hivyo kwa nyumba za Moscow, Tashkent au Kharkiv?

Kabla ya kuuliza majumba haya yaliondoa nini, ni haki kuuliza yalikuja mahali pa nini. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, makazi makubwa ya matajiri katika miji ya Urusi yalitwaliwa na kugawanywa vyumba vyumba. Familia moja ilipewa chumba kimoja, na pengine chumba hicho kikakatwa tena kwa pazia au kwa kabati. Jiko lilikuwa moja kwa wote, choo kimoja, ukumbi mmoja. Mlangoni paliandikwa kengele ipigwe mara ngapi kwa familia ipi. Jikoni kila familia ilikuwa na meza yake, na katika baadhi ya nyumba, chooni kila familia ilikuwa na taa yake na swichi yake ili asije jirani akatumia umeme wa mwenziwe. Makazi hayo ya shirika, ambayo Warusi huyaita komunalka, hayakuwa ya mwaka mmoja wala miwili; watu walizaliwa, wakaoana na wakafia humo. Na katika miaka ya Stalin, jirani mwenye sikio jepesi nyuma ya ukuta wa mbao alikuwa hatari kuliko baridi.

Wapo watakaosema kuwa hata hivyo majengo yale ya zamani yalikuwa mazuri. Naam, yalikuwa mazuri. Mfano mmoja unatosha. Katika mji uliokuwa ukiitwa Leningrad, ambao leo ni Saint Petersburg, lipo jumba la Muruzi, lililojengwa katika miaka ya 1870 kwa mtindo wa Kimaghribi, lenye nakshi ambazo hata mtu wa Unguja asingezipita bila kugeuka. Ndani ya jumba hilo zuri, katika sehemu ya makazi ya shirika, mshairi Joseph Brodsky aliishi na wazazi wake katika eneo ambalo mwenyewe alilitaja katika anwani ya insha yake kuwa ni chumba kimoja na nusu. Nusu yake ilikuwa pembe aliyojitengea kwa makabati ya vitabu. Huko ndiko alikoondokea mwaka 1972 alipofukuzwa nchini, na wazazi wake wakafariki mwaka 1983 na 1984 bila kumwona tena mtoto wao. Nakshi za nje hazikuwapa wale watu watatu mlango wa kufunga, wala hazikuwapa jiko ambalo mama angepika bila ya kushirikiana na wasiokuwa nduguze. Anayependa uzuri wa uso wa jengo aende akaupende pale, lakini asiseme kuwa huo ndio utu.

Mnamo Disemba 1954 Khrushchev aliwasimamisha wasanifu wa majengo mbele ya mkutano wa wajenzi na kuwakaripia kwa kupoteza fedha katika minara na mapambo wakati watu hawana pa kulala. Novemba 1955 likatoka azimio la serikali na chama la kufuta kile kilichoitwa ziada katika ujenzi, na Julai 1957 jingine la kutaka nyumba nyingi zijengwe haraka. Kutokana na maazimio hayo zikazaliwa nyumba ambazo watu walizipa jina la Khrushchev mwenyewe, khrushchyovka. Wenye ulimi mkali wakalipindua jina hilo kidogo likagongana na neno la Kirusi lenye maana ya kibanda cha ufukara, likawa khrushchoba. (Yafaa kukumbuka kuwa tusi hilo la kwanza lilitungwa na wakaazi wenyewe, na tusi la mwenye nyumba kwa nyumba yake si sawa na tusi la mpita njia.)

Sifa zake zinajulikana, na hakuna haja ya kuzificha. Ghorofa ni tano, kwa sababu mpaka tano kanuni haikulazimisha lifti, na lifti ilikuwa ghali. Dari iko mita mbili na nusu juu ya sakafu, ilhali nyumba za wakubwa wa enzi ya Stalin zilifika mita tatu na kupita. Jiko ni la mita tano au sita za mraba. Choo na bafu aghalabu vimo katika chumba kimoja. Vyumba vingine havina njia ya peke yake, ili kwenda cha ndani sharti upite cha nje, na anayelala cha nje amezoea kupitwa. Chini ya dirisha la jiko, ukuta umekondeshwa ukawa kijikabati cha kuwekea chakula, kwani miezi ya baridi ndiyo iliyokuwa friji. Dirisha lina kidirisha kidogo juu yake cha kuingizia hewa, na wakati wa baridi kali hicho hufunguliwa ili kutoa joto, maana mabomba ya joto yanaendeshwa kutoka kituo kimoja kwa mtaa mzima na aliye ndani hana pa kuyapunguzia.

Katika aina maarufu, ile iliyoitwa K-7 na iliyosanifiwa na mhandisi Vitaly Lagutenko, kuta hazikujengwa tofali juu ya tofali. Zilimiminwa kiwandani zikiwa na matundu ya madirisha, zikapakiwa garini, zikanyanyuliwa kwa winchi na kuunganishwa pale pale. Ndiyo maana mtu akisimama mbele ya jengo la namna hiyo huona mistari ya viungo, kama kanzu iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyengine. Viungo hivyo ndivyo vinavyopitisha maji ya mvua na upepo. Kuta za ndani ni nyembamba. Kikohozi cha jirani kinajulikana, na ugomvi wake pia. Ngazi imepakwa rangi ya mafuta, ya kijani au buluu, mpaka usawa wa bega, na juu yake chokaa. Nje, mbele ya kila mlango wa ngazi, pana benchi, na juu ya benchi pana bibi vizee ambao hakuna mgeni apitaye wasimjue kaja kwa nani. Kati ya jengo na jengo pana uwanja wenye miti, meza ya dhumna na bembea za watoto.

Basi hilo ndilo sanduku. Lakini lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa familia moja. Makumi ya mamilioni ya watu, katika muda usiozidi miaka 15, walipata kwa mara ya kwanza maishani mwao jiko ambalo hapana mwengine aliyekuwa na haki ya kuingia. Mwaka 1959 mtunzi wa muziki Dmitri Shostakovich alitoa opereta juu ya Cheryomushki, mtaa mpya wa Moscow wa nyumba hizi. Uovu wa hadithi hiyo haumo katika nyumba kuwa mbaya. Umo katika mkubwa mmoja anayetaka kutwaa fleti ya wengine aongezee yake. Watu wa wakati huo walijua kipi cha kugombewa.

Na hapa ndipo mashabiki wa ushairi wanapopaswa kusikiliza zaidi kuliko wengine, kwani shutuma kubwa kuliko zote ni ile isemayo kuwa ushairi haukai katika saruji. Historia inasema kinyume. Katika miaka ya 1960 na 1970, mashairi mengi ya Kirusi ambayo serikali haikutaka kuyachapa hayakuishi katika majumba ya mapambo wala katika kumbi za Umoja wa Waandishi. Yaliishi jikoni. Yalichapwa kwa taipureta juu ya karatasi nyembamba zilizopangwa pamoja na kaboni, yakapitishwa mkono kwa mkono, yakasomwa usiku mmoja na kurudishwa asubuhi. Bulat Okudzhava, Vladimir Vysotsky na Aleksandr Galich waliimba kwa gita mbele ya watu wachache nyumbani kwa marafiki, mashine ya kunasia sauti ikiwa mezani baina ya chupa na sahani, na kanda hizo zikanakiliwa kutoka mashine hata mashine mpaka sauti ikawa ya kukwaruza, zikafika miji ambayo waimbaji wenyewe hawakupata kuikanyaga. Galich alifukuzwa katika Umoja wa Waandishi mwaka 1971 na mwaka 1974 akaihama nchi; sauti yake ilibaki jikoni.

Haitakuwa kweli kudai kuwa saruji ndiyo iliyotunga mashairi hayo. Stalin alikuwa amekufa, hofu ilikuwa imepungua, na mashine za kunasia sauti zilianza kuuzwa madukani. Lakini bila ya jiko la mtu mwenyewe, mambo hayo matatu yangekutania wapi? Katika makazi ya shirika jiko lilikuwa mahali pa kunyamaza. Katika mita sita za Khrushchev likawa majlisi. Si baraza, maana baraza ya Kiswahili inatazama njia na kila apitaye hukaribishwa; jiko la Kirusi lilikuwa kinyume chake, limefungwa mlango, limefungwa pazia, na pengine bomba la maji limefunguliwa ili sauti isisikike upande wa pili wa ukuta ule mwembamba.

Shutuma ya pili ni ya kufanana. Nyumba zote ni moja, husemwa, na kwa hiyo watu wote ni wamoja. Warusi wenyewe waliufanyia mzaha ufanano huo kabla ya mgeni yeyote. Filamu ya Eldar Ryazanov iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika televisheni tarehe 1 Januari 1976, na ambayo tangu hapo Warusi huitazama kila wanapopokea mwaka mpya, inasimulia juu ya mtu wa Moscow aliyelewa, akapakiwa katika ndege kimakosa mpaka Leningrad, akampa dereva wa teksi anwani yake, Mtaa wa Tatu wa Wajenzi, nyumba namba 25, fleti namba 12, akafika, akatia ufunguo, na mlango ukafunguka. Jengo ni lilelile, ngazi ni ileile, hata fanicha imefanana. Ni kicheko kikali kuliko makala zote zilizoandikwa dhidi ya majengo haya. Lakini wanaoitaja filamu hiyo kama ushahidi wa shutuma yao husahau kutaja kinachosikika ndani ya fleti ile. Husikika gita, na linaloimbwa kwa gita hilo ni mashairi ya Marina Tsvetaeva, ya Boris Pasternak, ya Bella Akhmadulina. Umma mzima ulijifunza kwa moyo beti za Tsvetaeva, mshairi aliyejinyonga mwaka 1941 akiwa hana hata mwenye kumsaidia, kwa kuzisikia ndani ya sanduku lililofanana na masanduku mengine.

Isitoshe, ni ajabu kusikia lawama ya kufanana ikitolewa na watu waliolelewa na vina na mizani. Shairi la tarbia lina mishororo 4, kila mshororo mizani 16, zikakatwa katikati 8 kwa 8, na kipimo hicho ni kilekile kwa Mwinyi na kwa mvuvi, kwa mawaidha na kwa mapenzi. Hapana aliyepata kusema kwamba watunzi wa tarbia wote ni mtunzi mmoja.

Mshikaji hoja makini atajibu kuwa mshairi hukichagua kipimo chake, ilhali mpangaji wa Cheryomushki hakuulizwa. Jibu hilo ni zito, na ndilo lingepaswa kuwa mwanzo wa mashtaka badala ya porojo za rangi ya kijivu. Hakuulizwa anataka mtaa gani, wala ghorofa ya ngapi. Alisubiri katika foleni miaka mingi, na mahali pa kuishi paliandikwa katika karatasi zake kwa namna ambayo kuhamia mji mwengine kulihitaji ruhusa. Chama kiliahidi mwaka 1961 kuwa kila familia itakuwa na fleti yake ifikapo 1980. Ulipofika 1986 Gorbachev akaahidi tena, mara hii kwa mwaka 2000. Mzee asiyeweza tena kushuka ghorofa tano bila lifti alibaki juu kama ndege katika tundu. Mfululizo wa kwanza ulikusudiwa uwe wa mpito, nao ukaachwa ukaendelea kukaliwa muda mrefu, viungo vikivuja. Haya ni makosa ya kweli, na yana wenyewe wa kuulizwa. Lakini hayaonekani kutoka upande wa pili wa barabara, na ndiyo maana wapenda uzuri hawayataji.

Kuna watakaouliza, dharau ya maneno humdhuru nani? Moscow inajibu. Mwaka 1999 mji ule ulianza kuziangusha kwa mpango nyumba za aina zilizo dhaifu zaidi, na jambo hilo lilikuwa na sababu. Lakini mwaka 2017 ukatangazwa mpango mkubwa zaidi, wa nyumba zaidi ya 5,000 na watu wapatao milioni moja. Safari hii katika orodha hazikuwemo zile zinazovuja tu. Zilikuwemo nyumba imara za matofali, zilizokarabatiwa, zenye miti iliyokwishapita paa. Tarehe 14 Mei 2017 watu kwa maelfu waliandamana. Wengi wengine walipiga kura ya kukubali, na haki yao isibezwe, kwani aliyechoka na mabomba makuukuu hana sababu ya kuwa makumbusho kwa ajili ya wengine. Lakini mahali pa ghorofa tano panapandishwa minara ya ghorofa nyingi, na uwanja wenye benchi na dhumna unakuwa maegesho ya magari. Neno lile khrushchoba, lililokuwa mzaha wa wakaazi, likawa hoja mkononi mwa mwenye kutaka ardhi. Kitu kikishaitwa sanduku, nani atauliza kilichomo kabla hakijavunjwa?

Mwaka 2022, katika mtaa wa Saltivka mjini Kharkiv, kuta za mbele za majumba ya namna hii ziling'olewa na makombora ya Urusi. Ndipo dunia ilipoona ndani: karatasi za ukutani zenye maua, birika juu ya jiko, rafu ya vitabu ikining'inia ghorofa ya tano bila sakafu. Hakuna aliyeandika siku ile kuwa nyumba hizo hazina uso.

Unguja haina haki ya kulitazama jambo hili kama hadithi ya watu wa baridi. Nyumba za Maendeleo ni jamaa wa nyumba hizo, kwa njia ya Ujerumani Mashariki. Serikali ya Mapinduzi ilipoitambua dola hiyo mwaka 1964, wataalamu wake walikuja na ramani. Fleti za mwanzo zikasimama Kikwajuni, mpango wa mji ukachorwa mwaka 1968, na kisha Mzee Karume akaamrisha Michenzani, yale majengo marefu kama treni yanayokutana penye mzunguko wa barabara. Hayakumiminwa kiwandani; yalijengwa kwa mikono, na kwa kazi ya kujitolea ambayo si kila aliyeifanya alijitolea. Nyumba za udongo za Ng'ambo zilivunjwa kuyapisha, na waliokuwa wakizikaa hawakuulizwa, kama wenzao wa Moscow. Hilo nalo liandikwe.

Lakini kinachoandikwa sana si hicho. Kinachoandikwa ni kuwa Michenzani ni aibu mbele ya Mji Mkongwe, kwamba milango ya nakshi ilikuwa na roho na saruji haina, na kwamba mgeni akitoka Forodhani afadhali asivuke Darajani. Mji Mkongwe huo huo, tangu 1964, ulikuwa na majumba ambayo familia nyingi zilipangiwa chumba chumba chini ya dari za boriti zilizooza, jiko moja, choo kimoja, sawa na katika jumba la Muruzi. Katika treni za Michenzani wamezaliwa watu ambao sasa wana wajukuu, harusi zimefungwa, maulidi yamesomwa, taarab imesikilizwa kwa redio kutoka roshani hata roshani. Mwenye kalamu na apande ngazi. Aulize maji yanafika ghorofa ya ngapi na saa ngapi, na nani anashusha maji machafu. Aulize paa la wote linatengenezwa kwa fedha ya nani, na karatasi ya fleti ina jina la nani. Kisha aulize bei ya ardhi iliyo chini yake, maana Michenzani ilipojengwa ilikuwa Ng'ambo, na leo ndiyo katikati ya mji.